Usingizi Hautafutwi Usiku

Ndugu zangu, Kiswahili chetu kina tabia ya kuufanya usingizi kama mbuzi aliyekata kamba. Tunautafuta. Tukiukosa tunasema umeruka, umepaa, umekataa. Asubuhi ukiulizwa unajibu, "Jamani, sijapata hata lepe la usingizi." Na mwenzako aliyelala kama pono anakutazama kana kwamba wewe hukutafuta kwa bidii.

Leo nataka kuandika juu ya mbuzi huyo. Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari tu wa gazeti. Lakini mwaka 2024 nilikaa karibu miezi sita nikilala bila kulala. Ndiyo, Kiswahili kinatumia neno hilo hilo kwa mtu aliyejinyoosha kitandani na kwa mtu aliyesinzia, na nilikuja kugundua kwamba tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo ufunguo wa shida nzima. Najua tupo wengi wenye tatizo hili hapa mjini, kwa hiyo nayaandika niliyojifunza. Huenda yakamfaa mtu.

Januari mwaka ule nilipangwa zamu ya usiku kwenye chumba cha habari. Waliowahi kuifanya wanaijua. Unasubiri polisi wathibitishe ajali, unasubiri matokeo ya mechi, unasubiri ukurasa wa kwanza ubadilishwe mara ya tatu, halafu gazeti linakwenda mtamboni na wewe unabaki getini unaita bodaboda. Chumbani kwangu Tabata nafika saa 7 usiku, kichwa bado kinaandika vichwa vya habari. Joto la Dar la Januari mnalijua. Mgao wa umeme wa mwaka 2023 ulikuwa bado haujatuacha, kwa hiyo mara nyingi feni ilikuwa pambo la ukutani. Ndani ya chandarua hakuna hewa, nje ya chandarua kuna mbu. Chagua mwenyewe!

Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Sawa, lakini usiku wa kukosa usingizi haukuchi kabisa. Unasikia kila kitu: jenereta la baa, mbwa wa jirani, mlinzi anayekohoa, kisha adhana ya alfajiri, kisha daladala ya kwanza na konda wake akiita abiria wa Kariakoo.

Mpaka hapo hakuna la ajabu. Mtu akipewa joto, kelele na kazi ya usiku, kukosa usingizi ni haki yake. Ajabu ni kilichofuata. Mwishoni mwa Machi zamu yangu ikaisha, nikarudi kufanya kazi mchana. Masika yakaingia, hewa ikapoa. Umeme ukatulia. Kila kilichokuwa kinaniweka macho kikaondoka, na usingizi haukurudi. Aprili yote. Mei yote. Najilaza saa 3 usiku, nasinzia saa 8, saa 10 niko macho makavu kama samaki wa Feri.

Nieleze jambo moja mjue kwa nini sikulichukulia suala hili kama utani. Mwezi Mei nilitumwa msibani kumhoji mama aliyefiwa na mwanawe kwa ajali ya pikipiki. Tulikaa kwenye jamvi chini ya turubai. Usiku wake nilikuwa nimepata masaa mawili. Nikauliza maswali yangu, nikaandika majibu yake. Katikati ya mazungumzo mama yule akanyamaza, akanitazama usoni, akasema, "Mwanangu, wewe unalala kweli?" Nikamwambia niko salama mama, tuendelee tu. Akamwita binti mmoja aniletee chai.

Mtu aliyemzika mwanawe jana yake ndiye ananionea huruma mimi! Habari ilitoka, majina yalikuwa sahihi, mhariri akaridhika. Lakini kazi yetu hii inataka uwepo kweli pale ulipo. Mtu akikupa uchungu wake, anastahili akute mtu wa kuupokea. Nikiwa kwenye daladala kurudi ofisini nilijiuliza kama kazi hii ninayoipenda nitaiweza miaka thelathini, au hata mitatu.

Ukitaka kujua kwamba kila Mtanzania ni daktari, tangaza kwamba hulali. Kunywa maziwa ya moto. Kunywa bia mbili. Meza Piriton. Kuna mwenzangu alinielekeza duka la dawa ambako, alisema, diazepamu unapata bila maswali mengi. Huko sikwenda. Nilikuwa nimeshaandika habari za afya kiasi cha kujua kwamba diazepamu ni dawa ya kuandikiwa na daktari, kwamba mwili huizoea, na kwamba aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kupata madhara makubwa. Piriton nayo ni dawa ya mzio. Kusinziza ni athari yake ya pembeni tu, mwili huizoea upesi, na asubuhi kichwa kinabaki kizito. Pombe inakulaza haraka, kisha nusu ya pili ya usiku inakuamsha kila mara.

Mwezi Juni nikaenda Tanga kumsalimia shangazi yangu. Ni muuguzi mstaafu, amekesha wodini miaka mingi kuliko umri wangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona macho yamekuwa hivyo?"

Nikamsimulia yote. Nilitegemea aniulize ninalala saa ngapi. Yeye akauliza, "Unaamka saa ngapi?"

"Inategemea, shangazi. Nikipata usingizi alfajiri, naamka saa 3. Nisipopata, saa 11 nimeshaamka. Jumapili najilaza mpaka saa 6 mchana, nafidia."

"Basi mwili wako haujui asubuhi ni lini," akasema. "Na asiyejua asubuhi ni lini, usiku ataujuaje?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea: "Usingizi hautafutwi usiku, baba. Unaandaliwa tangu mchana kama futari. Ukisubiri adhana ya magharibi ndipo ubandike maharage, utafuturu saa ngapi?"

Jamani, nimesoma vitabu na ripoti nyingi tangu siku ile, na sijaona aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko mama huyo kwenye kibaraza chake.

Niliporudi Dar nikafanya kile waandishi tunachofanya, nikachimba. Kumbe usingizi unaendeshwa na mambo mawili. La kwanza ni hamu ya usingizi. Tangu unapoamka, kitu kiitwacho adenosini kinajikusanya ndani ya ubongo, na kadiri unavyokaa macho ndivyo kinavyozidi na wewe kuzidi kuelemewa. Kahawa haikupi nguvu mpya, inaizuia tu adenosini isisikike. Nusu ya kafeini uliyokunywa inaweza kuwa bado imo mwilini baada ya kama masaa 5. Maana yake kahawa ya kijiweni ya saa 10 jioni, ile ya kushushia kashata, saa 3 usiku nusu yake bado iko kazini. Na chai ya rangi nayo ina kafeini, tusisahau.

La pili ni saa ya mwili. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Saa kuu iko kwenye ubongo, na kinachoiweka sawa kila siku ni mwanga, hasa mwanga wa asubuhi. Ukiamka leo saa 11, kesho saa 3, Jumapili saa 6 mchana, ni kama kusafiri kwenda nchi nyingine kila wiki na kurudi bila kupanda ndege.

Hapa Kiswahili kinatupa faida tusiyoitambua. Wenzetu wanaanza kuhesabu siku katikati ya usiku wa manane. Sisi saa zetu zinahesabiwa kuanzia jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la Dar huchomoza karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima. Mtu wa London hana bahati hiyo. Majira yake ya baridi yanamwamsha gizani. Sisi mwanga tunaletewa mlangoni kila siku, bure.

Lakini bado kulikuwa na fumbo langu: kwa nini usingizi haukurudi baada ya joto na zamu kuisha? Jibu nililipata kwa mtaalamu wa Marekani aitwaye Arthur Spielman, aliyefanya kazi hii miaka ya 1980. Alisema kinachoanzisha kukosa usingizi mara nyingi sicho kinachokuendeleza. Kilichoanzisha kinaweza kuwa msiba, mtihani, deni, zamu. Halafu mtu hufanya jambo ambalo binadamu yeyote angelifanya: analala mapema zaidi, anabaki kitandani muda mrefu zaidi, anafidia mchana, anaangalia saa. Kitanda kinazoea kuwa mahali pa kukaa macho. Aliyewasha moto ameondoka zamani, lakini kuni bado zinaongezwa.

Kwa hiyo tiba yake ni kuondoa kuni. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari cha Marekani, kilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanzishiwe kwanza tiba ya kubadili mazoea na fikra, kabla ya vidonge. Tatizo sugu ni lile linalokupata walau siku 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi. Nilikuwa nimetimiza vigezo vyote, kwa alama za juu!

Haya ndiyo niliyofanya, na niliyafanya baada ya kumwona daktari kwanza.

Nilinunua daftari la shule, wiki mbili nikaandika kila asubuhi: nimepanda kitandani saa ngapi, nakisia nimesinzia masaa mangapi, nimeshuka saa ngapi. Hesabu ikatoka hivi: kitandani masaa 8 na nusu, usingizi masaa 5 na nusu. Masaa 3 kila usiku nilikuwa mgeni tu wa godoro.

Kisha nikaweka saa ya kuamka: saa 12 asubuhi, kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Hasa kama usiku ulikuwa mbaya. Nikiamka natoka nje kwenye mwanga, napiga mswaki uani, natembea mpaka kituoni.

Baada ya hapo likaja gumu kuliko yote. Spielman alifundisha kwamba muda wa kitandani upunguzwe ukaribie muda wa usingizi halisi. Masaa 6 basi, yaani kitandani saa 6 usiku, si kabla. (Wataalamu hawashauri kwenda chini ya masaa 5, na mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, au dereva asijaribu hili bila daktari. Mimi sina gari, napanda daladala.) Wiki ya kwanza ilikuwa noma. Saa 4 usiku nasinzia kwenye kiti cha plastiki, mshikaji ninayeishi naye ananicheka, na kitanda kiko palepale kinaniita. Lakini saa 6 ilipofika, nilianguka kama gunia.

Halafu kuna kanuni ya Richard Bootzin, ya tangu mwaka 1972: kitanda ni cha usingizi. Si cha kusomea ujumbe, si cha kuandikia habari, si cha kupigia hesabu ya kodi ya nyumba. (Wenye ndoa wamepewa ruhusa moja ya ziada, msinihoji.) Ukiona kama dakika 20 zimepita huna usingizi, shuka, kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha, rudi ukisikia kope nzito. Mimi niliweka stuli karibu na dirisha na gazeti la juzi. Simu niliilaza kwenye kabati nikanunua saa ya mezani ya kuniamsha, nikaigeuzia uso ukutani. Saa 9 usiku hakuna taarifa ya saa inayokusaidia.

Kahawa na chai mwisho saa 8 mchana. Saa 2 usiku naandika kwenye daftari mambo yanayonikera na hatua moja ya kesho kwa kila jambo, ili yasinisubiri mtoni. Na joto je? Mwili unahitaji kupoa kidogo ili usinzie, kwa hiyo naoga maji ya uvuguvugu muda wa saa moja hivi kabla ya kulala, na umeme ukikatika nafungua dirisha lenye wavu na kujifunika kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa.

Usingizi ulipoanza kujaa yale masaa 6, nikaongeza dakika 15. Wiki iliyofuata nyingine 15. Wiki ya sita nilikuwa napanda kitandani saa 5 usiku, naamka saa 12, na katikati hapo sikumbuki kitu.

Kuna jambo jingine lililonisaidia, na halikuwa kanuni bali habari. Mwaka 2015 timu ya Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilichapisha utafiti juu ya jamii tatu zinazoishi bila umeme. Moja ni Wahadzabe wetu wa karibu na Ziwa Eyasi. Ungedhani wanalala jua likizama. Wapi! Walisinzia kama masaa 3 na kidogo baada ya machweo, na kwa wastani makundi yale yalipata kati ya masaa 5.7 na 7.1 ya usingizi. Mwaka 2017 timu nyingine, ya David Samson, ikafuatilia Wahadzabe 33 kwa siku 20 kwa vifaa vya mkononi. Muda ambao wote 33 walikuwa wamesinzia kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu, kwa siku zote zile! Wakati wowote wa usiku kulikuwa na mtu macho, na hakuna aliyekuwa amepangiwa kulinda.

Niliposoma hilo nilishusha pumzi. Saa 9 usiku macho yako wazi, unaona dunia nzima imelala isipokuwa wewe, na hofu hiyo ndiyo inayokuamsha zaidi. Kumbe kuamka katikati ya usiku ni jambo la kibinadamu, huenda hata liliwafaa babu zetu kambini, simba wakiwa karibu. Tangu hapo nikiamka sijiambii "nimekwisha." Najiambia ni zamu yangu ya kusikiliza simba.

Lakini tusidanganyane kwamba kila kitu kiko mikononi mwa asiyelala. Mlinzi, muuguzi, mwokaji mikate, dereva wa basi, wote hawa tunawategemea wakeshe. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 utendaji wake unashuka kufikia wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Piga hesabu: aliyeamka saa 12 asubuhi anafika hapo saa 5 usiku. Ni saa hiyo ambapo wengi wetu tunapanda bodaboda kurudi nyumbani, abiria amechoka na dereva amechoka. Kila nikipanda namkumbuka yule mama wa kwenye jamvi. Mhariri anayepanga zamu, na tajiri wa pikipiki anayedai hesabu ya siku, nao wana sehemu yao katika usingizi wetu.

Na kama unakoroma sana na watu wanakwambia pumzi hukatika usingizini, au moyo umekuwa mzito na hamu ya mambo imekwisha, usianze na daftari. Nenda hospitali. Huko kuna shida nyingine ambayo kukosa usingizi ni moshi wake tu.

Mimi usiku mbaya bado ninao. Uchaguzi, msiba, mshahara kuchelewa, mambo hayaishi. Tofauti ni kwamba usiku mmoja mbaya unabaki mmoja, hauzai mwezi. Mwenye nguvu ya jambo moja tu kati ya haya yote na aanze na saa ya kuamka. Chagua saa, iheshimu wiki mbili, toka nje uone jua. Usiku wenyewe utajipanga nyuma yake.

Haya wapendwa, saa 5 kasoro sasa. Maharage yamebandikwa tangu asubuhi, naenda kula.